Kuhama Huku Hati Ikingojwa

Msafiri aliyetoka Mpui, juu ya uwanda wa Ufipa, akashika njia ya kaskazini kupitia Sumbawanga hata Mpanda, alikuwa, kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012, angali ndani ya Rukwa. Na humo ndimo yalimokuwa makazi ya Katumba na Mishamo (ya tatu, Ulyankulu, yako Tabora), ya wale waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, ambao waliufyeka msitu wa miombo wakawa wakulima hodari wa mahindi na tumbaku.

Mwaka 2007 serikali iliwapa hiari baina ya kurejea kwao na kuomba uraia wa Tanzania. Wengi wakakhitari kubaki, na mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 160,000 yakakubaliwa. Lakini palikuwa na sharti, nalo, kwa rai yangu, lilikuwa zito kuliko ada yoyote: hati ya uraia asingeipata mtu ila baada ya kuyahama makazi yale na kwenda kukaa mikoa mingine. Basi mtu aliyekwisha kuukana uraia wa Burundi, na wa Tanzania hajautia mkononi, apande mbegu au afunge mizigo? Aezeke nyumba upya, au ayaage makaburi ya wazee wake?

Mwaka 2011 uhamishaji ulisitishwa. Na hati zilipoanza kutolewa, mwaka 2014, hakuna aliyelazimishwa kwanza kung'oa mlango wake akaubeba.