Daktari wa Njia ya Handeni: Namna ya Kuvisoma Vitabu vya Francis Brett Young

Mwezi wa Juni, mwaka wa 1916, jeshi la Waingereza lilishuka kando ya mto Ruvu, ambao Wazungu huuita Pangani, likafika nchi ya Mombo na Korogwe, kisha likageuka kusini kwenda Handeni. Pamoja nalo alikuwamo daktari mmoja wa miaka 31, jina lake Francis Brett Young. Kazi yake ilikuwa kuwatibu askari wa Kikosi cha Pili cha Rhodesia. Lakini kabla ya kuwa askari alikuwa mtunga hadithi, na aliyoyaona njiani hakuyaacha yapotee. Ndivyo nchi yetu ilivyoingia katika vitabu vya Kiingereza, mara kwa habari za kweli, mara kwa hadithi za kubuni.

Twaandika habari hizi kwa sababu ya jambo lililotupata. Kijana mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, alituletea insha yake juu ya desturi za makabila ya upande huu, tuisahihishe. Ilikuwa insha nzuri, yenye mwandiko safi. Lakini katikati yake tulikuta maneno ya kwamba Waluguru wa zamani walikuwa wakiuabudu mwezi mlimani, tena kwa ibada za kutisha. Tulipomwuliza, "Mwanangu, haya umeyapata kwa nani?" alitujibu kwa adabu, "Kitabuni, Mwalimu." Kitabu chenyewe kilikuwa The Crescent Moon, hadithi ya Brett Young ya mwaka wa 1918. Hakujua kuwa ni hadithi. Kwa kuwa mtungaji alifika nchi hii, na kwa kuwa alikuwa daktari, alimdhani shahidi. Basi yafaa tuulize: mtu huyu ni shahidi wa mambo gani, na wa mambo gani siye?

Brett Young alizaliwa mwaka wa 1884 katika mji mdogo wa Halesowen, karibu na Birmingham, na baba yake naye alikuwa daktari. Alisoma udaktari Birmingham, akafanya kazi katika mji wa Brixham penye bandari ya wavuvi, akaoa mwaka wa 1908. Vita vilipokuja aliingia jeshini, akaletwa Afrika ya Mashariki. Homa ya huku ilimharibu mwili, hata baada ya vita hakurudia kazi ya uganga, bali alikula kwa kalamu yake. Alikaa miaka mingi katika kisiwa cha Capri, kisha akarudi Uingereza. Kitabu chake Portrait of Clare cha mwaka wa 1927 kilipata tuzo kubwa ya James Tait Black, na tangu hapo akawa mtungaji mwenye jina na mali. Mwisho alihamia Afrika ya Kusini, akafa Cape Town mwaka wa 1954.

Waliomchunguza ni wachache kuliko sifa aliyokuwa nayo zamani. Mkewe, Jessica, aliandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1962, na mwaka wa 1979 chama cha wapenzi wa vitabu vyake kilianzishwa Uingereza. Barua zake na karatasi zake nyingi zimewekwa katika chuo kikuu cha Birmingham. Njia iliyopendwa sana ni ile ya kufuata maisha ya mtu ndani ya hadithi zake: daktari huyu wa kitabuni ni nani, mji huu ni upi, bonde hili liko wapi. Nayo si njia mbaya, maana Brett Young mwenyewe aliifungua. Mji anaouita North Bromwich, unaotokea tena na tena katika hadithi zake, kila msomaji wa kwao aujua kuwa ni Birmingham. Hadithi ya mwaka wa 1932, The House Under the Water, yahusu bonde la Wales lililofunikwa na maji ili Birmingham ipate kunywa. Na jambo hilo lilitukia kweli, katika bonde la Elan. Kwa hiyo wenyeji waweza kumshika mkono mtungaji na kumwambia, "Hapa umesema sawa, hapa umeongeza."

Tatizo ni kwamba njia hiyo, ikiletwa huku kwetu, yasimama upande mmoja tu. Kwa wataalamu wengi, Afrika ni sura moja ya maisha ya mtungaji: ni mahali alipopata homa. Barabara, mto, na watu waliomo wawa kama pazia nyuma ya mgonjwa. Lakini sisi tulio Korogwe twakaa ndani ya pazia hilo.

Tuanze na kitabu chake cha habari za kweli, Marching on Tanga, kilichotoka mwaka wa 1917. Jina lake lasema jeshi laiendea Tanga. Hata hivyo yeye na kikosi chake hawakuingia Tanga. Jenerali Smuts aliposhuka kutoka upande wa Moshi mwezi wa Mei 1916, safu moja ilifuata reli na nyingine ilifuata mto. Walipigana Mikocheni, karibu na Buiko, siku za mwisho za Mei; Mombo ilitwaliwa tarehe 9 Juni, Korogwe tarehe 15. Wadachi, badala ya kurudi nyuma mpaka pwani, walikuwa wakirudi kusini, kwa njia ya reli ndogo ya magari mepesi waliyoitandika toka Mombo kwenda Handeni kupita Mkalamo. Basi jeshi kubwa likawafuata. Handeni ilitwaliwa tarehe 19 Juni, na tarehe 24 wakapigana mtoni Lukigura. Tanga yenyewe iliangukia mikononi mwa kikosi kingine tarehe 7 Julai, bila vita vikubwa. Twadhani jina la Tanga lilifaa kwa kuuza kitabu, kwa kuwa Waingereza wote walikumbuka aibu ya kushindwa hapo Novemba 1914. Handeni nani angeijua? Lakini mwenye kukisoma kitabu hicho na ramani mkononi ataona kuwa moyo wake ni njia ya Handeni.

Katika mambo ya njia hiyo, mtu huyu ni shahidi mwema. Mto anaujua: vichaka vyake, mbu wake, joto la bondeni chini ya milima ya Upare na Usambara. Anajua pia tofauti ya nchi ukiuacha mto na kuelekea Handeni, ambako shida si matope tena bali kiu. Kila mwalimu aliyetembea njia ile mwezi wa kiangazi, akaomba maji mahali ambapo wenyeji nao wanayatafuta, atakubali maneno yake. Na homa anaijua kwa njia mbili, kama mganga na kama mgonjwa. Hesabu za kikosi chake zinamtetea. Watu 1,038 walitumika katika Kikosi cha Pili cha Rhodesia huku Afrika ya Mashariki. Waliouawa vitani walikuwa 36. Lakini mara walizougua zilihesabiwa 10,626. Ni kusema kwamba kila mtu, kwa wastani, aliugua mara kumi. Mwandishi wa habari za vita angesimulia bunduki. Daktari alisimulia machela, na kwa hiyo alikaribia zaidi ukweli wa vita vile.

Lakini tukitafuta watu wa nchi katika kitabu hicho, twaona uhaba. Machela haijiendi, wala unga haukutoka Moshi kwenda Handeni kwa miguu yake. Wanyama wa kubeba walikufa kwa ndorobo, magari yalikwama, na mwisho mzigo ulirudi pale pale ulipozoea kuwekwa, kichwani mwa mtu. Kwa vita vizima upande wa Waingereza walitumikishwa wapagazi karibu milioni moja, na kwa hesabu za serikali wenyewe zaidi ya 90,000 kati yao walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Jina lao limebaki mpaka leo katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, maana huko kulikuwa na kambi ya Carrier Corps, na watu walilitamka jina kwa ulimi wao. Katika kitabu cha daktari wetu wapagazi wamo, lakini wamo kama mvua au vumbi lilivyomo. Hatuambiwi mtu fulani, mwana wa fulani, alitoka wapi.

Wala tusiseme kuwa wakati ule hakuna Mzungu aliyeweza kuwaona. Mwaka ule ule wa 1916, Frank Weston, Askofu wa Unguja, alikusanya wapagazi huko Unguja akawaongoza mwenyewe bara, akitembea pamoja nao. Mwaka wa 1920 alitoa kijitabu cha kuishambulia kazi ya kulazimishwa chini ya serikali ya Kiingereza, baada ya kuwashambulia Wadachi kwa mambo yao mwaka wa 1918. Weston alikaa na watu miaka mingi, akajua lugha yao. Brett Young alipita. Kisha watu wetu walikuwa na sababu ya kutazamwa: walimu na mapadre Waafrika wa misheni za Magila na Korogwe walikuwa wametiwa minyororo na Wadachi kwa kudhaniwa wapelelezi wa Waingereza. Jeshi lilipita karibu na habari hiyo, na kitabu cha jeshi kikaipita.

Tukumbuke pia kwamba kitabu hicho kilitoka vita vikiwa bado vinaendelea, na mwandishi wake bado ni ofisa. Ndiyo sababu yafaa kukisoma pamoja na Jim Redlake, hadithi yake ya mwaka wa 1930, ambayo sehemu yake ya mwisho yarudi katika vita vya huku. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita. Mtu hukumbuka tofauti akiwa amekwisha kuvua nguo za askari. Mtaalamu apendaye kupima maisha kwa hadithi na hadithi kwa maisha, kazi yake nzuri ni hapa. Hata mashairi yake ya vita yana neno kwetu, kwa kuwa aliyaita Five Degrees South, yaani digrii tano kusini mwa ikweta. Na huo ndio mstari upitao karibu na Tanga na Korogwe.

Sasa tuje kwenye The Crescent Moon, kitabu kilichompotosha kijana wetu. Ndani yake mmisionari Mwingereza, James Burwarton, na dada yake Eva wanafika katika misheni iitwayo Luguru, katika Afrika ya Wadachi, vita vikikaribia. Yuko Mdachi mwenye shamba, Godovius, mtu mwovu. Yuko mwindaji mzee, M'Crae. Na wako Waluguru, ambao mtungaji awapa ibada ya mwezi itokayo eti kwa mataifa ya kale ya Mashariki ya Kati. Kama hadithi ya kusisimua, yasomeka upesi. Kama habari za desturi, haina kitu.

Angalieni alivyofanya. Kwao alilibadili jina la Birmingham na kuuacha mji kama ulivyo. Huku kwetu alifanya kinyume: aliliacha jina la watu na kuwabadili watu wenyewe. Waluguru wapo, milimani kwao juu ya Morogoro. Ni wakulima, ukoo wao wahesabiwa kwa mama, na lugha yao ni ndugu ya lugha za majirani, Kizigua kikiwa kimojawapo cha jamaa hao. Msomaji wa Birmingham angeweza kumsahihisha mtungaji kwa barua siku ya pili. Mluguru wa mwaka wa 1918 hakuulizwa, wala kitabu hakikumfikia.

Neno dogo la lugha hapa. Katika Kiswahili mwezi ni mwezi wa mbinguni, tena ni mwezi wa kuhesabu siku. Watu wakitoka nje kuangalia mwandamo, mmoja anatazama mfungo wake, mwingine anatazama siku ya kulipa deni. Mgeni asiyejua lugha, aliyesimama mbali, aweza kuona watu wamekabili mwezi mchanga na kupiga kelele za furaha, akaenda zake kuandika ibada. Hatusemi kuwa Brett Young alifanya hivyo. Twasema tu kwamba mambo ya watu huanza katika maneno yao, na asiyeyapata maneno hana pa kuanzia. Wazee wetu walilijua hilo. Abdallah bin Hemedi alipoandika Habari za Wakilindi, zilizopigwa chapa Magila kwa sehemu kuanzia mwaka wa 1895, aliandika kwa Kiswahili, na majina ya watu na vijiji yamejaa humo hata msomaji huchoka. Afadhali uchovu huo.

Basi kijana wetu tulimwambia asikifute kitabu katika insha yake, ila akihamishe. Maneno juu ya Waluguru yaondoke katika sura ya desturi, yaingie katika sura nyingine, juu ya namna Waingereza walivyoibuni nchi hii wakati wa vita. Alituuliza kama Marching on Tanga nacho kihamishwe. Tukamjibu hapana, hicho kikae katika historia, ila kando yake pawekwe ushahidi wa pili. Akauliza utatoka wapi.

Ulianza kutoka siku ile ile. Mzee mmoja wa njia ya Handeni, aliyekuwa amekaa akitusikiliza, alisema babu yake alichukua mizigo ya Wadachi kwanza, kisha, walipokimbia, akashikwa kuchukua ya Waingereza. Alirudi nyumbani bila vidole viwili vya mguu kwa ajili ya funza. Alipenda kuwaambia wajukuu kuwa mzigo wa pande zote mbili ulikuwa na uzito ule ule. Kijana alitoa kalamu, akamwuliza jina la babu, na kijiji alichoshikwa.

Walimu na mapadre walio kati ya Mombo, Mkalamo, Handeni na Lukigura, wenye kupata majina ya namna hii kwa wajukuu, watufanyie hisani kuyaandika: jina la mtu, kijiji chake, alichukua nini, alifika wapi, na kama alirudi. Yakiandikwa kwa Kizigua au Kisambaa ni vizuri vile vile.