Stempu za Abu Simbel na Hatima ya Wanubi

Mnamo mwaka 1960 Misri ilianza kujenga bwawa kuu la Aswan. Maji yake yalitishia kuyafunika mahekalu ya Abu Simbel, yaliyochongwa mwambani zama za Farao Ramses II, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. UNESCO iliziomba nchi wanachama zichangie uokoaji. Stempu zilikuwa mojawapo ya njia za mchango huo: mwaka 1964 nchi kadhaa za Afrika zilizokuwa makoloni ya Ufaransa zilitoa stempu za Nubia zenye bei mbili, ya kwanza ikiwa ada ya posta na ya pili mchango. Hadi mwaka 1968 mahekalu yalikuwa yamekatwa vipande, yakapandishwa kiasi cha mita 65 na kujengwa upya.

Wakati huohuo, Wanubi wapatao 100,000 wa Misri na Sudani walihamishwa kutoka kingo za Nile, hawa wakapelekwa Kom Ombo, wale Khashm el-Girba. Mahekalu yalirudi kuutazama mto; wao walibaki mbali nao. Hivyo anayezisoma stempu hizo kama hati za historia hana budi kuwatafuta pia watu ambao mchango huo haukuwarudisha kwao.