Mbona mshauri wa chuo amekataa kuniambia? (Mtoto anapokwenda chuo, sehemu ya 4)

Tangu niweke sehemu ya tatu nimepata meseji nyingi, na karibu zote zina swali moja: "Nesi, mwanangu anaonana na mshauri nasaha pale chuoni. Nimepiga simu kuuliza shida ni nini, wamekataa kuniambia. Kwani mimi si mama yake?"

Mmoja alinikuta kliniki, kaleta mjukuu kuchanjwa. Alikaa kwenye benchi karibu na mzani akaanza kulia. Binti yake yuko mwaka wa pili, halali usiku, na aliporudi likizo alianza kugawa nguo zake kwa wadogo zake. Mama kapiga simu chuoni, kajibiwa kwa adabu kabisa kwamba hawawezi hata kuthibitisha kama binti huyo anakwenda pale au haendi. Nilimwelewa uchungu wake. Ila jibu lile lina historia, na leo nataka niwasimulie. Sehemu kubwa imetokea Marekani, maana kesi moja ya kule mpaka leo inafundishwa kwa washauri na wauguzi wa afya ya akili katika nchi nyingi.

Zamani kule chuo kilihesabiwa kuwa mzazi. Mwaka 1913, jimbo la Kentucky, chuo cha Berea kiliwakataza wanafunzi kula kwenye mgahawa uliokuwa ng'ambo ya barabara. Mwenye mgahawa akaenda mahakamani, akashindwa. Mahakama ikasema chuo kimesimama mahali pa baba na mama, kwa hiyo kikikataza kimekataza. Enzi hizo ungepiga simu wangekueleza kila kitu, tena wangekuongezea na waliyoyasikia kwa jirani.

Huduma ya afya ya akili kwa wanafunzi ilikuwa ndiyo kwanza imezaliwa. Princeton, mwaka 1910, ndicho chuo kinachotajwa sana kuwa kilitangulia. Baada ya vita kuu ya pili askari wengi walirudi darasani kwa gharama za serikali, na ofisi za ushauri zikaongezeka vyuoni.

Kilichovunja ule uzazi wa chuo ni wanafunzi wenyewe. Mwaka 1960, Montgomery, Alabama, wanafunzi weusi waliingia kwenye mgahawa wa jengo la mahakama uliokuwa wa wazungu tu, wakaomba kuhudumiwa. Baadhi yao wakafukuzwa chuo bila hata kusikilizwa. Mwaka 1961 mahakama ya rufaa ikasema haiwezekani, mwanafunzi ni mtu mzima mwenye haki zake na lazima asikilizwe. Ikaja sheria ya mwaka 1974: mtoto akishaingia chuo, haki juu ya kumbukumbu zake za masomo inatoka kwa mzazi inakwenda kwake. Na kwa mshauri siri ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu kijana akijua maneno yake yatafika nyumbani, hatakuja. Hilo hata sisi wodini tunalijua, binti hakwambii ana ujauzito shangazi akiwa amesimama mlangoni.

Sasa hapa ndipo penye msiba, msome taratibu.

Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kijana kutoka India, Prosenjit Poddar, alikutana na binti aitwaye Tatiana Tarasoff kwenye ngoma za jioni za hosteli ya wanafunzi wa kimataifa. Yeye alidhani ni uchumba, binti akamwambia wazi siyo. Kijana akaharibikiwa. Akaanza kwenda kwa mwanasaikolojia wa hospitali ya chuo, na mwaka 1969 akamwambia kwamba atamwua binti huyo akirudi kutoka safari ya Brazil.

Yule mwanasaikolojia hakukaa kimya. Aliwaandikia polisi wa chuo kwamba kijana ni hatari, azuiliwe. Polisi wakamhoji, wakaona anaongea vizuri, akaahidi hatamsogelea, wakamwachia. Halafu mkuu wa kitengo akaagiza ile barua irudishwe, nakala na maandishi ya matibabu viharibiwe, mambo yaishe. Kijana akaacha kwenda kwenye matibabu. Akahamia kuishi na kaka yake Tatiana, karibu na nyumbani kwa kina binti. Jamani, karibu na nyumbani! Na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia binti wala wazazi wake. Tarehe 27 Oktoba 1969 alimwua, nyumbani kwao.

Fikiria wewe ndiye mama wa Tatiana, unagundua baadaye kwamba mshauri alijua, polisi walijua, mkuu wa kitengo alijua.

Wazazi walishtaki. Mwaka 1974, na tena mwaka 1976 kesi iliposikilizwa upya, Mahakama Kuu ya California ilisema siri ya mgonjwa ina mpaka, nao ni pale maisha ya mwingine yanapokuwa hatarini. Mtaalamu anayejua hatari hiyo anawajibika kumlinda anayelengwa: kumwonya, kuwaita polisi, au hatua nyingine inayofaa. Waliopinga waliogopa kwamba watu wataacha kusema. Mimi naona hofu yao ilikuwa ya kweli, ila ningekuwa hakimu ningeamua vilevile.

Ndiyo maana siku hizi katika vyuo vingi mtoto akifika mara ya kwanza anapewa fomu. Inasema anayoyasema ni siri, isipokuwa akiwa katika hatari ya kujidhuru, akitaka kumdhuru mwingine, kukiwa na mtoto mdogo anayenyanyaswa, au mahakama ikiamuru. Mwambie asiisaini bila kusoma. Mara nyingi mna na mengine: idadi ya vikao ina kikomo, na asiyeweza kuja atoe taarifa mapema, maana kuna mwenzake kwenye foleni. Akitaka wewe uambiwe, anaandika ridhaa, tena anaweza kuandika uambiwe kitu gani na kipi usiambiwe.

Lakini kuna jambo wazazi wengi hawalijui. Mshauri amefungwa mdomo, hajazibwa masikio. Yeye hawezi kukuambia, wewe unaweza kumwambia. Usiulize, eleza tu ulichokiona.

Yule mama nilimwambia apige tena palepale kwenye benchi, asisubiri kufika nyumbani. Akaeleza usingizi, akaeleza nguo zilizogawiwa. Upande wa pili walisikiliza mpaka mwisho, wakamuuliza lini na mara ngapi, wakamshukuru. Hawakumwambia chochote. Kesho yake jioni binti mwenyewe akapiga simu nyumbani, waliongea muda mrefu. Walichoongea sikumuuliza.