Ulaji wa kinyesi kwa mbwa

Ulaji wa kinyesi kwa mbwa ni tabia ya mbwa kula mavi yake mwenyewe au ya mbwa wenzake. Kwa jike anayenyonyesha ni jambo la kawaida: huwalamba watoto wake na kumeza choo chao katika wiki za mwanzo, na malazi hubaki safi.

Utafiti ulioongozwa na Benjamin Hart wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta asilimia 16 ya mbwa wakiwa na tabia hiyo mara kwa mara, hasa walafi. Kinyesi walichokila kwa kawaida hakikuzidi siku mbili. Watafiti walidhani ni urithi wa mbwamwitu, ambao kwa kula kinyesi kibichi waliondoa minyoo karibu na malazi yao kabla haijawa hatari, kwani mayai ya minyoo mingi huhitaji siku kadhaa nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza.

Mbwa mzima anayeanza ghafla, hasa akikonda, hupimwa na daktari wa mifugo; huenda kongosho lake halitoi vimeng'enya vya kutosha.

Vidonge na unga wa kuchanganya na chakula huuzwa kwa ahadi nyingi, lakini katika utafiti huo vilifaulu kwa asilimia 0 hadi 2 tu. Kinachosaidia zaidi ni wepesi wa mwenye mbwa: humtoa nje akiwa na kamba, humwita mara tu amalizapo, humpa kipande cha nyama, na kuzoa kinyesi mbwa angali anatafuna. Kumchapa huweza kumfundisha kula upesi zaidi, au kwa kificho.