Mashine ya kukoboa inapokua: mishahara ya Februari inatoka kwenye fedha za Julai

Mpunga mwingi wa Bonde la Kilombero unavunwa kati ya Mei na Julai. Miezi hiyo ukipita Ifakara mjini au Mang'ula, mashine za kukoboa zinalia asubuhi hadi usiku. Tangu Daraja la Magufuli lenye mita 384 lifunguliwe mwaka 2018, mpunga wa Ulanga na Malinyi hausubiri tena kivuko kuvuka Mto Kilombero. Kazi imeongezeka. Aliyeanza na mashine moja akisaidiwa na mwenzi wake na watoto, leo ana fundi wa mashine, wapakiaji na akina mama wanaopepeta.

Swali tunaloulizwa sana na wasikilizaji ni hili: mbona kazi ni nyingi kuliko zamani, lakini fedha hazionekani?

Mara nyingi jibu ni kwamba mwenye mashine anahesabu faida kwa mwezi, wakati biashara yake ni ya mwaka mzima. Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufundishia tu, weka zako. Julai mashine imeingiza 3,500,000. Umeme 700,000, fundi 350,000, wasaidizi wawili 500,000, pango 150,000, rola na vipuri vingine 300,000. Jumla 2,000,000, zimebaki 1,500,000. Mtu anaona amepata, ananunua pikipiki.

Sasa ifike Februari. Mvua zinanyesha, mpunga uko shambani, wanaokuja kukoboa ni wa debe moja moja. Zimeingia 600,000. Umeme umeshuka hadi 120,000, lakini fundi bado ni 350,000, wasaidizi 500,000 na pango 150,000. Matumizi ni 1,120,000, kwa hiyo umepungukiwa 520,000, na hapo kodi na michango hatujagusa. Ikiwa miezi ya namna hiyo ni mitano, pengo ni 2,600,000. Kumbe katika ile 1,500,000 ya Julai, zaidi ya theluthi haikuwa faida. Ilikuwa mishahara na pango la Februari, imewahi kufika.

Fedha hiyo ikae kwenye akaunti nyingine, hata kwenye simu, ili mradi si ile unayonunulia LUKU na mboga. Na wewe mwenye mashine jipangie mshahara, hata 200,000. Asiye na mshahara huchota kila siku kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi hajui amechota kiasi gani.

Usisahau pumba. Wafugaji wa nguruwe na kuku wanazinunua, na maganda yanachukuliwa na wachoma tofali. Katika mashine nyingi fedha hizi haziingii kwenye daftari. Kwa mwenye mashine zinaonekana ndogo, kwa hiyo anaziachia zijiendee, na hapo ndipo ugomvi na fundi unapoanzia. Afadhali useme wazi tangu mwanzo: pumba ni za ofisi, au sehemu fulani ni posho ya fundi.

Tukija kwa watu, wengi tunaanza na ndugu. Mpwa anatoka kijijini, anakula nyumbani, analala nyumbani, anapewa chochote kikipatikana. Mwaka wa tatu ana mke, anataka mshahara wa miaka yote, na kikao cha ukoo kinaitwa. Mpe mshahara unaojulikana kuanzia mwezi wa kwanza, na chakula kihesabiwe mbali. Heshima ya ujomba haitapungua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Karatasi moja inatosha, yenye mambo kama jina, kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi na malipo. Ukikosa karatasi hiyo na mkafikishana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni wewe mwajiri utakayetakiwa kuthibitisha mlichokubaliana. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Hilo la saa linasahaulika sana Julai, mashine inapozimwa saa nne usiku. Anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza kazini, hupewa notisi isiyopungua siku 28 kabla ya kuachishwa. Kumwambia tu Desemba "kesho usije" si kuachisha kazi kihalali.

Kwa wale unaowahitaji wakati wa mavuno tu, sheria inatambua mkataba wa kazi maalumu. Mwandikieni hivyo tangu siku ya kwanza, ajue kazi inaisha lini na atalipwaje, kwa gunia au kwa siku. Sisi tunaona hapa ndipo penye nafuu kubwa: mbaki na fundi mmoja mwaka mzima, na wapakiaji waje na msimu. Mfano wetu wa Februari, bila wale wasaidizi wawili, pengo linashuka hadi 20,000.

Michango nayo ni gharama. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5 na analipa mwajiri peke yake. Kwa fundi wa 350,000 hiyo ni 1,750 kwa mwezi. Mkanda wa mashine ukimkata vidole, tofauti ya aliyesajiliwa na asiyesajiliwa itaonekana siku hiyohiyo. Watoto wa chini ya miaka 18 wasiwe karibu na mikanda hiyo hata kama ni wa kwenu.

Kwa wenye biashara ndogo zaidi, daftari linapunguza hata kodi. Katika viwango vya TRA vya mwaka 2019, mwenye mauzo ya 5,000,000 kwa mwaka asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi 4,000,000, yaani 30,000. Viwango hubadilika na bajeti ya Juni, kwa hiyo ulizeni ofisi ya TRA iliyo karibu kabla ya kukadiriwa, na mwende na daftari mkononi.