Betri ya Pili: Ubia wa Mashirika, Elimu ya Jamii na Umeme wa Jua

Mikataba mingi kati ya mashirika yasiyo ya kiserikali na jamii za vijijini huandikwa kwa miaka miwili au mitatu. Betri za risasi na asidi zinazofungwa katika miradi hiyo hudumu miaka mitatu hadi mitano zikitunzwa vizuri, ilhali paneli huweza kuzalisha umeme kwa miaka 25. Maana yake ni kwamba mfadhili huaga muda mfupi kabla ya gharama kubwa ya kwanza kubisha hodi. Shule hubaki na paneli nzima juu ya bati na betri iliyokufa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Kwa hiyo nashikilia kwamba ubia wa aina hii usipimwe kwa idadi ya taa zilizowashwa siku ya uzinduzi. Upimwe kwa maswali mawili: nani atanunua betri ya pili, na nani pale kijijini ataweza kuifunga?

Walioyajibu maswali hayo kwa uthabiti ni Chuo cha Barefoot, kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972 katika kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan, India. Kwao, mkutano wa kijiji hutangulia vifaa. Wanakijiji huunda kamati, huchagua wanawake watakaosomeshwa, na kila kaya hukubali kuchangia kila mwezi kiasi kinachokaribia kile ilichokuwa ikitumia kwa mafuta ya taa, mishumaa na betri za tochi. Wanawake hao, wengi wao mabibi wasiojua kusoma, hukaa Tilonia miezi sita. Kuanzia 2008 serikali ya India iligharamia nauli na mafunzo ya waliotoka nchi nyingine kupitia ITEC, mpango wake wa ushirikiano wa kiufundi na kiuchumi ulioanza 1964. Kwa kuwa hawana lugha moja, hufundishwa kwa rangi, ishara na vitendo, hadi waweze kulehemu saketi, kuunda chaji kontrola (kidhibiti cha kuchaji betri) na kutengeneza taa iliyoharibika. Wakirudi kwao, hulipwa na kamati kutokana na michango ile ile.

Kwa nini mabibi? Roy amerudia mara nyingi kwamba kijana wa kiume akishapewa cheti hukimbilia mjini kutafuta kazi. Bibi ana shamba, wajukuu na heshima yake pale pale alipo, na ujuzi atakaopewa utabaki kijijini. Naona hoja hii ni nzito kuliko inavyochukuliwa, kwa sababu inauhamisha mjadala kutoka kwenye vifaa na kuupeleka kwa mtu anayevimiliki.

Zanzibar ilikuwa na sababu ya kuielewa hoja hii mapema: umeme unaotoka mbali ukikatika, kijiji hakina wa kuutengeneza. Hitilafu katika njia ya umeme ya chini ya bahari kutoka Bara iliiacha Unguja gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Baadaye kituo cha Barefoot kilifunguliwa Kinyasini, Kaskazini Unguja, ambako wanawake wa Unguja na Pemba husomea ufundi bila kuvuka mipaka ya nchi. Faida yake si nauli tu. Anayefundishwa kwa Kiswahili anaweza kuuliza kwa nini waya huu umeungua na ule ukabaki salama. Akiishia kukariri rangi, siku mtengenezaji atakapobadilisha rangi za waya atakwama.

Upande wa elimu una funzo ambalo miradi mingi imelipindua. Shule za usiku za Tilonia zilianza mwaka 1975 kwa ajili ya watoto waliokuwa wakichunga mifugo mchana. Chuo kilibadilisha ratiba kwanza, kikapata walimu kutoka vijiji vile vile, na taa za jua zikaja kulihudumia darasa lililokwisha kuwapo. Siku hizi kompyuta hutangulia, mwalimu na somo hutafutwa baadaye. Hata hesabu ya umeme husahaulika: kompyuta 20 za mezani, kila moja ikila wati 100 pamoja na kioo chake, huhitaji kilowati mbili, na kwa saa tano hutumia uniti 10 kwa siku. Kishikwambi hula sehemu ndogo sana ya umeme huo.

Wapo wanaosema kampuni zinazokopesha sola kwa malipo ya simu zimeyapita haya yote. Kwa kaya yenye kipato cha uhakika, huenda. Lakini kampuni huzima mtambo wa asiyelipa, na kaya inayotegemea mwani au karafuu haipati fedha kila mwezi. Hapo hata mchango wa kamati hulegalega, ndiyo maana ningependa upangwe kwa msimu wa mavuno. Akaunti ya betri ifunguliwe kwa jina la kamati tangu mwezi wa kwanza, na fundi mwenyewe awe mmoja wa watia saini.

Mkataba utaje pia betri iliyokufa itakwenda wapi. Risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na betri chakavu iliyotupwa nyuma ya darasa la Pemba haitaondoka bila kupakiwa chomboni. Shirika lililoileta lilipe mapema gharama ya kuirudisha.