London hadi Johannesburg: vituo ndivyo vilivyokula saa

Mwaka 1932 abiria wa shirika la Imperial Airways aliyetoka London kwenda Afrika Kusini alikata tiketi ya ndege lakini akapanda na gari moshi, maana kipande cha kutoka Paris hadi Brindisi, Italia, kilikuwa cha reli. Akishavuka bahari alifuata Nile hadi Khartoum, Juba na Kisumu. Kuanzia hapo ndege ilirukaruka kama panzi: Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika na kuendelea. Jua likizama, ndege ilitua na abiria wakalala hotelini. Hadi Johannesburg, zaidi ya wiki ilishakwisha.

Ukivuta uzi juu ya tufe kutoka London hadi Johannesburg, unapata kilomita 9,070 hivi. Uzi huo haujafupika tangu wakati ule. Wengi tunadhani siri yote ya safari kuwa fupi leo ni kasi ya ndege, lakini historia ya njia hii inasema vingine.

Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya jeti kubeba abiria waliolipa nauli. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia.

Comet ilikwenda kilomita 700 na ushei kwa saa. Ndege za leo hufika 900. Tofauti hiyo peke yake haiwezi kupunguza safari kwa nusu. Kilichoichelewesha Comet ni kiu: haikuweza kwenda mbali bila kujaza mafuta, na kwa kufuata vituo vyake njia ilipinda ikazidi kilomita 10,000. Kwa maoni yangu, tangi la mafuta linastahili sifa kuliko injini.

Ndege ileile iliyofungua njia ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, ikaua watu wote 35. Mwezi Aprili Comet nyingine ikaanguka karibu na Naples. Wachunguzi walizamisha bodi la Comet kwenye tangi kubwa la maji, wakalijaza na kulipunguza shinikizo mara nyingi sana, hadi likachanika. Metali ilikuwa imechoka.

Kisha siasa ikairefusha njia upya. Kuanzia 1963 nchi nyingi za Afrika ziliifungia anga South African Airways kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Ndege zake zikalazimika kuzunguka pwani ya magharibi ya bara, na kwa miaka mingi zikawa zinajaza mafuta katika kisiwa cha Sal, Cape Verde. Vizuizi hivyo viliondolewa utawala wa makaburu ulipokuwa ukielekea ukingoni.

Siku hizi ndege huondoka London jioni na kufika Johannesburg asubuhi, saa 11 hivi bila kutua popote. Khartoum, Entebbe na Livingstone hazimo tena kwenye tiketi.